Turubai la Samaki Juu ya Kahawa ya Bwera

Habari hii mke wangu huisimulia vizuri kuliko mimi, ndiyo maana leo naiwahi mwenyewe, kwa sababu akiisimulia yeye mimi hutoka mjinga mara mbili, na ujinga wa mara moja nadhani unanitosha. Mimi ni meneja wa usafirishaji katika kampuni ya kahawa hapa Kasese (cheo kikubwa, lakini kazi yenyewe ni kutafuta magari, kubembeleza madereva na kuangalia mawingu), na aibu niliyoipata niliipata katika kazi hiyo hiyo ninayojidai naijua.

Wakulima wa milimani juu ya Bwera, wengi wao akina mama, walikuwa wamepata bahati ambayo hawajawahi kuiona: mnunuzi kutoka Kampala alitaka kuonja kahawa yao peke yake, bila kuchanganywa na ya watu wengine, na akiipenda angeinunua kwa jina lao, gunia liandikwe Bwera. Mwenyekiti wao, Mama Masika, alinishika mkono akaniambia wamechuma mbivu tupu, wameosha, wameanika na kugeuza mpaka viganja vikakauka, sasa imebaki kazi yangu tu ya kuifikisha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Mtu wa usafirishaji akikwambia usiwe na wasiwasi, ndugu yangu, anza kuwa nao.)

Siku moja kabla ya kuonja, lori letu likavunjika springi huko huko Bwera, magunia yamepangwa nje ya stoo na mnunuzi yuko njiani. Bosi akasema kwenye simu nisubiri, angeleta gari lingine asubuhi na kuonja kungesogezwa mpaka jioni. Lakini mimi nikaona kusubiri ni kushindwa kazi, nikashuka mpaka soko la mpakani, na huko nikamkuta Kambale, mtu wa Butembo, huko Kongo, aliyeoa huku kwetu, na Fuso yake iliyokuwa imetoka kushusha samaki wa chumvi wa Hamukungu, kule ziwani.

"Gari iko bule, shefu, samaki yote ilishashuka," akaniambia. "Minarudi Kasese sasa hivi."

Sasa, kila anayefanya kazi yetu anajua kwamba kahawa ni mwizi wa harufu, ukiiweka karibu na mafuta ya taa inachukua, karibu na vitunguu inachukua, na mimi ndiye huwafundisha madereva wapya jambo hilo huku nimewanyooshea kidole. Kwa hiyo nikahakikisha. Fuso ikapelekwa mtoni, ikasuguliwa mara mbili bila sabuni (nayo kahawa huiiba harufu), ikakaa juani, kisha nikapanda mwenyewe nikaingiza pua kila kona kama mbwa wa askari, nikatandika mikeka mipya, magunia yakapangwa, nikaondoka Bwera nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Tulipofika Kisinga mlima ukafunikwa, na mvua ikaja ile ya kutoona mbele. Kahawa ikilowa inaota ukungu, imekwisha. Nikampigia Kambale kelele asimamishe, naye akasema turubai liko nyuma ya kabini, tukalivuta, tukalitandaza juu ya magunia, tukalifunga kwa kamba huku maji yanatuingia mpaka kwenye soksi. Mtaniuliza kama nililinusa. Nililinusa. Nikajiambia hiyo ni harufu ya mvua.

Turubai lile ndilo lililofunika samaki kutoka ziwani.

Magunia tukayashusha kwenye stoo yetu ya Kasese, nikafika nyumbani nimelowa, na mke wangu, kabla hata ya kunipa pole, akaniuliza samaki niliyemletea yuko wapi. Nikamwambia hakuna samaki. Akapekua mfuko wangu, akaangalia nyuma ya mlango, akanitazama kama mtu anayemnyima chakula, na hapo ndipo nilipokubali kwamba ile haikuwa harufu ya mvua. Sikulala. Nilihesabu njia zote ambazo mvua ingeweza kupitia kwenye turubai la chumvi mpaka kwenye magunia, na zilikuwa nyingi.

Asubuhi nilimkuta mtunza stoo amesimama mlangoni na ufagio, anafukuza paka. Paka wa mtaa mzima, hata wengine sijawahi kuwaona, wamekaa juu ya magunia ya juu wanalamba. Akasema, "Meneja, hii kahawa umetoa wapi?" Nikamjibu kwa ukali aache maneno. Badala ya kumwendea bosi na kusema kweli, nikahamisha magunia yaliyokuwa juu nikayaficha pembeni, yale ya chini yaliyo safi nikayaweka mbele, nikajitia hamnazo.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja mpole, mwenye chuma chake cha kutobolea magunia. Nikamwonyesha ya mbele. Akashukuru, akapita moja kwa moja mpaka pembeni, akasema yeye hupenda kuchota pale ambapo hajaonyeshwa. Akatoboa gunia nililolificha, akachota.

Ikakaangwa, ikasagwa, ikamwagiwa maji ya moto. Mama Masika na wenzake walikuwa wameketi kando ya ukuta na magauni yao ya gomesi ya kanisani, wakimtazama yule mama akivuta kahawa ya kijiko kwa kelele, kama wafanyavyo waonjaji, na kutema kwenye kikombe. Akavuta. Akasimama. Akavuta tena, akageukia wakulima akauliza, bila ubaya wowote, kama wanakausha kahawa mahali pamoja na samaki.

Bosi akainamisha kichwa. Mama Masika akainuka.

"Sisi hatuna ziwa. Sisi iko mulima," akasema. "Hii kahawa tulikausha juu ya meza, hata kuku hairuhusiwi karibu."

Nikaona wenzake wanatazamana, kila mmoja anajiuliza ni nani kati yao aliyewachafua. Ningenyamaza, lawama ingepanda mlimani na kukaa huko. Nikasema, "Ni mimi." Nikaeleza yote mbele ya watu wote, Fuso, mvua, turubai, paka, na nilipofika kwenye paka mtunza stoo alicheka, peke yake.

Yule mama akaomba magunia ya chini. Akaonja, akafumba macho, akasema hii ndiyo aliyoifuata. Akachukua ya chini tu, kwa jina la Bwera. Yale mengine yalikwenda kuchanganywa na makapi, jasho la watu.

Nilidhani yamekwisha. Msimu uliofuata nikapanda Bwera na lori letu wenyewe, turubai jipya, nimenyooka. Mama Masika akakunja gomesi, akapanda, akanusa sakafu, akanusa kila kona, akanusa turubai pande zote mbili. Akashuka akaja mpaka nilipo.

"Lete mikono."

Nikanyoosha mikono mbele ya wakulima wote, kama mtoto anayekaguliwa kucha, akanusa ya kulia, akanusa ya kushoto, akafikiri, ndipo akawaambia wapakie. Siku ya kupakia sili samaki tena, wala siwezi kumwambia mtu yeyote asiwe na wasiwasi. Nanyoosha mikono na kusubiri.