Sauti Iliyopanda Basi la Masasi

Mwalimu wetu wa madrasa pale Mnyambe alikuwa mama wa makamo, na mwaka ule alilazwa hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi, kufanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Kabla ya kuondoka alinikabidhi mimi, mkubwa kuliko watoto wenzangu darasani, simu yake ya vitufe. Ndani mlikuwa na kadi ndogo kama ukucha, yenye Kurani nzima. Niliichomoa nikaigeuzageuza, nikijiuliza sauti yote ile imekaa upande gani.

Wiki nzima tulisoma tukiifuatisha simu. Kisha jirani yetu, mjane aliyeanza kujifunza sura ya Alhamdu ukubwani, akaacha kuja darasani. Nikamfuata kwake, nikamkuta anabangua korosho.

"Shikamoo, mama. Mbona huonekani?"

"Marahaba, mwanangu. Ile simu haisubiri. Mie bado natafuta pumzi, yenyewe imeshafika mbele."

Nikamwonyesha kitufe cha kuisimamisha. Akasoma aya mojamoja, polepole, halafu akaitazama simu. "Nimepatia?"

Simu ilijua kusoma tu. Na mimi sikuwa na ujuzi wa kumsahihisha.

Nikaanza kubonyezabonyeza nione kama na yenyewe inaweza kusikiliza, nikakuta sehemu ya kurekodi. Nikamrekodi. Mtandao ulikuwa haujafika kijijini, kwa hiyo asubuhi niliifunga ile kadi kwenye karatasi nikampa kondakta wa basi la Masasi, amfikishie mwalimu wodini.

Siku ya nne kadi ikarudi, nikaenda nayo kwa jirani. Mwalimu alikuwa ameazima simu ya muuguzi, akarekodi majibu. Sauti yake ilikwaruza, ikabidi tuinamishe vichwa karibu na simu ili tumsikie.

"Umesoma vizuri, mama. Herufi yako ya haa tu ni nyepesi, itoe katikati ya koo." Akakohoa. "Na ule mguu wako, bado unavimba?"

"Umepungua," jirani akaijibu simu, kisha akacheka kwa aibu. "Hebu rudisha."

Nikarudisha kwenye haa.

"Siyo hapo. Kwenye mguu."

Alisikiliza mara tatu. Tangu afiwe, aliniambia, hakuna mwingine aliyemuuliza. Nami nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja muda wote ule, nisione kwamba anachechemea.

Kesho yake jirani alirudi darasani. Mwalimu naye alirejea baadaye, ila sauti haikupona sawasawa. Basi simu ikawa inasoma, sisi tunafuatisha, na yeye anapita akituinamia mmoja mmoja, anauliza nani hajala, nani ana homa.