Mshenga wa Mamumunye

Saa mbili jioni, na jua la Agosti bado halijashuka nyuma ya mapaa ya mji wa Hamtramck, Marekani. Dilwara Khanom yuko kwenye ua wa nyuma wa jirani yake, hajabadili hata fulana ya kiwanda anachoshonea viti vya magari. Yuko juu ya ngazi, uso karibu na chanja la mmumunye, anangoja ua moja lichanue.

Mtaa mzima humwita Mshenga. Ua la mumunye huchanua jioni na asubuhi limenyauka, na wadudu wa kulihudumia Michigan hawatoshi. Basi Dilwara akitoka zamu hupita nyumba kwa nyumba, anachuma ua dume, analipeleka kwa bibi harusi, ua jike.

"Ndoa za watu nimeunganisha mbili, zote zimevunjika," anasema. "Za mimumunye, haijavunjika hata moja."

Leo utani ni wa kujikaza. Mmea huu ni wa Abdul Mukit, mzee wa miaka sabini na tisa ambaye wote humwita Chacha, ami yao. Mbegu ni za marehemu mama yake, kutoka kijiji cha Bangladesh ambacho mto Kushiyara umekimeza chote. Alizokuwa nazo zilikuwa zinazeeka, akazipanda zote. Ukaota mche mmoja, na kiangazi kizima umetoa maua dume matupu. Jike la kwanza ndilo hili. Likikosa kuzaa, na baridi inakuja, mbegu hiyo imekwisha duniani.

Dilwara ameziacha saa za ziada, dola ishirini na nane kila moja. "Nilimwambia msimamizi nina harusi. Akanipa hongera!"

Rowshon, jirani wa pili, ananyoosha kidole. "Lile, linafunguka!"

"We! Kunja kidole! Hujui likinyooshewa huoza?"

Rowshon anakificha kidole kwenye mtandio. Petali zinaachana polepole, macho yakiona, mpaka ua lote liko wazi, jeupe pe, na chini yake mumunye changa lenye manyoya, dogo kama kidole gumba. Subhanallah! Hata waliokulia kati ya mimumunye mwili umewasisimka.

Dilwara anapiga bismillahi, analigusisha ua dume taratibu. Anashuka ngazi.

Wiki mbili baadaye mumunye linaning'inia, refu kama mkono. Ole wake atakayelipika. Dilwara anataka likomae, likauke, mbegu zigawiwe kila nyumba.

"Mwakani sijui kama nitakuwepo, binti yangu," Chacha anamwambia.

"Uende wapi? Nani atamwagilia?"

Mzee anacheka, anaweka kiganja chini ya mumunye.

"Kaburi la mama lilikwenda na mto," anasema. "Mpaka mmumunye huu, nilikuwa sina pa kusimama nimsomee Fatiha."

Dilwara anakwenda kumletea kiti, anakiweka chini ya chanja.