Bidoni ya Gesi Kutoka Giteranyi

Nilisafiri kwa sababu profesa mmoja wa uhandisi huko Gitega, aliyefundisha nishati ya hidrojeni karibu maisha yake yote, alikubali kunipima kama nafaa kuwa msaidizi wa maabara yake. "Njoo na daftari lako la majaribio tu," aliniandikia. Mimi nimejifunza peke yangu, kwa simu, na niliogopa daftari halitatosha. Nikaongeza ushahidi: bidoni, yaani dumu la plastiki la lita tano, niliyoijaza gesi niliyoitoa kwenye maji, kwa umeme wa paneli ya jua.

Saa kumi na moja alfajiri niliondoka Giteranyi kwa baiskeli ya kukodi. Kila shimo lilinigonga moyoni.

Muyinga mjini nilipanda teksi ya Gitega. Dereva akatoa sigara.

"Kaka, tafadhali, usiwashe."

"We petit, kijana mudogo, iyo bidon iko na nini? Mafuta?"

"Iko tupu."

"Tupu, na unaikumbatia kama mutoto wa jana!"

Abiria walicheka. Aliirudisha sigara mfukoni, lakini hadi Karuzi sikuacha kuutazama mfuko ule.

Gitega, mchana. Profesa, mama mfupi aliyekulia ukimbizini Tanzania, alinipokea mlangoni. Alipoiona bidoni, tabasamu lilikatika.

"Ni hidrojeni peke yake?"

"Pamoja na oksijeni, Mama. Nilitumia bomba moja kwa gesi zote mbili."

"Mungu wangu! Umepanda gari la watu na bomu. Usiitikise."

Aliibeba mwenyewe hadi katikati ya uwanja, akafungua kizibo polepole, akarudi nyuma. Tulisubiri gesi itoke yote.

Ndani, alisoma daftari langu. "Majaribio yote yamefaulu. Yaliyoharibika yako wapi?"

"Nilichana kurasa zake, nikanakili mazuri."

"Hili linanitisha kuliko bidoni." Akaniwekea daftari lake la ujana, limeungua pembeni. Humo aliandika kwamba alichanganya gesi hizo hizo, mwenzake akaungua uso. "Ukurasa huu nimewasomea wanafunzi wangu wote, kila mwaka. Leo sikuchukui, mwanangu. Niletee makosa yako kwanza."

Njiani kurudi nilianza kuyaandika. Kosa la tatu ndilo lililokuwa zito zaidi: chupa ndogo ya gesi ile ilipasuka jikoni, karibu na dada yangu, ikamwachia kovu shavuni. Nilimwambia chupa ilikuwa mbovu, nikachana ukurasa. Ningeutunza na kuuliza kwa nini, nisingeibeba bidoni.

Giteranyi, jioni. Kabla ya kuvua viatu nilimwambia dada ukweli. Alishika shavu lake, akanitazama, kisha akasogeza kiti chake mbali nami.

Hilo pia nimeliandika.