Shimo la Kidole Mguuni

BARAKA, 1957. Saa mbili asubuhi ukungu wa ziwa bado umelala juu ya mapaa, na vijana arobaini wamepanga foleni mbele ya zahanati bila kelele. Kimya hicho si cha kawaida kwa watu wa umri wao. Wanamtazama Isidore Wilondja, aliyepiga goti mbele ya msichana, akimbonyeza muundi kwa kidole gumba.

"Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano."

Anaondoa kidole. Nyama inarudi mahali pake, na foleni nzima inashusha pumzi.

"We iko muzuri. Pita ku muzani."

Wilondja, mwenye miaka thelathini na minne, ni mpima uzito wa zahanati hii. Kila Alhamisi anawapima vijana wa Baraka na wa vijiji vya njia ya Mboko. Kwanza kidole, ndipo mzani. Zamani alianza na mzani, tena aliuamini kuliko macho yake, na jambo hilo linamtesa mpaka leo.

Unene huku ni heshima. Zipo familia ambazo mchumba huwekwa ndani miezi mitatu, hafanyi kazi, anakula ugali wa muhogo na mawese mpaka anenepe. Samaki haguswi, eti atanuka mbele ya bwana harusi. Ziwa liko mlangoni, limejaa ndagala, dagaa wa huku, na msichana ananyimwa! Mimi mwandishi niliposikia hayo nilishika kichwa.

Mwaka juzi aliletwa Marie, mchumba wa miaka kumi na sita. Kila alipopanda mzani kilo ziliongezeka. Wilondja akampongeza, akawaambia na wenzake wamwige.

"Ni mi nilisema iko muzuri," anasema. "Lakini mikono yake ilikuwa inapunguka. Muntu anaongezeka kilo, mikono inapunguka. Niliona, sikujiuliza."

Siku ya mwisho alimshika kifundo cha mguu kumsaidia kushuka. Jioni ile Marie akafariki. Kesho yake, msibani, Wilondja aliinua shuka miguuni.

"Vidole yangu ilikuwa pale. Yote ine. Nyama haikurudia."

Yaliyomjaza Marie hayakuwa mafuta, yalikuwa maji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Waombolezaji wakanong'ona kwamba mzimu umemshika mguu. Wilondja angeweza kunyamaza, akasalimika. Hakunyamaza. "Nikabaambia, ile mukono ni yangu."

Basi mwezi uliopita, Mama Georgette, muuza muhogo, alipomleta binti yake Immaculée, miaka kumi na tano, Wilondja alimkumbuka Marie. Zilibaki siku kumi msichana atolewe ndani.

"Munganga, mutoto yangu amenona! Andika kilo, bakwe bajue."

Uso wa binti ulikuwa umejaa, unang'aa. Mikono ilikuwa myembamba kama ya mtoto wa miaka minane. Alipoketi alihema kama aliyepanda milima ya Fizi, na hakuwa ametembea hatua ishirini.

Wilondja hakugusa mzani. Alibonyeza muundi, akahesabu, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akahesabu tena mpaka thelathini, bado lipo, linawatazama.

"Ni mafuta ile," mama akasema.

"Mafuta inarudia, mama. Maji inabakia. Weka kidole yako mwenyewe."

Mama akaweka, akaondoa. Sasa mashimo yakawa mawili, la munganga na lake. Immaculée aliyatazama tu; hayakumuuma hata kidogo.

"Eh Mungu yangu!" Mama Georgette akapiga yowe. "Na ni mi niko namulisha!"

Siku hiyohiyo lori likampeleka binti Fizi kwa daktari. Jibu lilikuwa fupi: tumbo limejaa, lakini mwili una njaa. Akaandikiwa maziwa, maharage na ndagala, ndagala walewale aliokatazwa. Katika wiki tatu alipungua kilo saba za maji, na kupungua huko ndiko kulikokuwa kupona. Wakwe walinung'unika kwamba wanaletewa kijiti.

"Bangojee," anasema Mama Georgette. "Mi nataka mutoto, sitaki unene."

Yupo pia Roger, mtoto wa karani, miaka kumi na sita, anayekula mikate na chai ya sukari na kupakizwa baiskeli mpaka shuleni. Huyo nyama yake inarudi upesi, lakini hatua chache tu anatafuta ukuta wa kuegemea. Wenzake wanacheka. Wilondja anawanyamazisha kwa jicho.

"Nyama yako inarudia, Roger. Pumzi ndiyo hairudie. Punguza sukari, tembea kwa miguu."

"Na mbio je, munganga?"

"Anza na kutembea. Usiniue na kicheko."

Msichana wa kwanza kwenye foleni leo, yule aliyewafanya wote washushe pumzi, alikuwa Immaculée. Hajaenda nyumbani. Amekaa kando ya mlango akijibonyeza muundi, anaachia, anabonyeza tena.

Kesho anapanda mtumbwi na Wilondja kwenda Kazimia. Rafiki wa Immaculée amewekwa ndani huko miezi miwili sasa, na habari zilizofika Baraka ni kwamba amenona vizuri mno.

Wilondja anataka kila kijana wa huku ajue kuusoma mguu wake kabla mtu hajamsifia. Lakini mwanaume haingii nyumba ya mchumba.

"Yeye ataingia," anasema, akimwonyesha Immaculée kwa kidevu. "Mi nitabakia inje."

"Na nikiona shimo?" msichana anauliza.

"Hesabu mpaka thelathini, mama. Ikibakia, ita jina yangu na nguvu. Mara hii nitasikia."