Riwaya ya Watu Wanne

Wakati wa vita, waasi waliposhika mji wetu wa Kindu, mashariki ya Kongo, na wanamgambo wakauzunguka mji, hatukuweza hata kwenda shambani. Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, alikuwa na riwaya moja, akawa akitusomea kwa sauti pamoja na majirani. Mchana mmoja askari wa waasi waliuvunja mlango wetu. Walipoona watu wamekusanyika kusikiliza karatasi ikisomwa, wakasema ni ujumbe wa adui. Wakamchukua Yaya. Alirudi kesho yake, uso umevimba, na hadi leo hajatusimulia yaliyompata.

Mwaka huu binti yangu, anayesomea uuguzi, alitamani riwaya inayouzwa kwenye simu tu. Nilipoiona bei nilidhani amekosea.

"Hapana, mama, sijakosea, njo bei yenyewe. Kwa ile pesa tungepata mufuko ya muchele."

Wenzake wa masomoni walikasirika. Mmoja alitaka kutafuta nakala ya wizi, mwingine akasema heri aache kusoma. Mwishowe wasichana wanne, binti yangu akiwa mmoja wao, wakachanga. Kitabu kilifunguka katika simu ya binti yangu peke yake, kwa hiyo wakaamua kusomeana nyumbani kwangu kila Jumamosi. Nilikubali shingo upande.

Jumamosi ya kwanza niliketi karibu na mlango, nikisikiliza barabara kuliko hadithi. Yaya alikuwa pembeni, akichambua sombe, majani ya muhogo ya kupika. Mara nikasikia buti. Askari mwenye bunduki akasimama mlangoni.

"Munafanya mukutano gani hapa?"

Binti yangu akaacha kusoma. Yaya ndiye aliyesimama, majani yakamwagika miguuni pake.

"Si mukutano, chef, mukubwa wetu. Ni kitabu. Bei iko juu sana, watoto wamenunua kimoja kwa wote."

Askari akanyoosha mkono, akapewa simu. Akaburuta kidole kwenye kioo, polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Yaya hakuondoa macho kwenye kidole kile.

"Kinasema nini?" askari akauliza.

"Habari ya mujane na watoto wake. Ikala, usikie," Yaya akasema, akimsogezea kiti.

"Niko kazini," akasema. Akarudisha simu, akaondoka.

Wasichana walicheka kile kicheko cha kuponea chupuchupu. Mimi nilitia komeo. Walimalizia sura ile kwa kunong'ona, nami sikushika hata neno.

Jumamosi iliyofuata walisoma wawili tu, binti yangu na mwenzake mmoja. Mama zao wale wengine wawili walikuwa wamesikia habari ya askari, wakawakataza, na sikuweza kuwalaumu.