Kanga za Pandu Zilizovuka Mpaka wa Jimbo

Tusifichane: Pandu alikuwa na wivu. Wala si wivu wa mke, wivu wa jimbo.

Miaka tisa yuko Guangzhou, ananunua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha Unguja, na miaka yote hiyo alikuwa akiutaka uwakilishi wa jimbo la kwao. Madawati ya skuli kapeleka. Pampu ya kisima kapeleka. Vyote kijijini kwao, upande wa juu wa barabara ya lami. Upande wa chini hakupeleka hata sindano, maana huko ni kwao Sufian.

Sufian! Mtu aliyefika China hajui hata kuuliza bei! Pandu ndiye aliyempokea, akamlaza chumbani kwake, akamfundisha kumwambia laoban, mwenye duka, kwamba bei yake ghali. Leo eti na yeye anataka kugombea!

Basi mipaka ya majimbo ikakatwa upya, barabara ikawa ndiyo mpaka. Kijiji cha Pandu, na madawati yake na pampu yake, kikahamishiwa jimbo la pili. Cha Sufian kikabaki. Kura za Pandu zote zikawa ng'ambo.

"Pole, kaka yangu," Sufian akamwambia, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Ilimchoma Pandu kuliko kama angechekwa.

Kesho yake akaagiza kanga doti mia tano zilizoandikwa HASIDI HANA SABABU. Zikapakiwa bandarini Huangpu, wakagawiwe wanawake wa upande wa chini, bure, kwa jina lake. Hasidi ni nani watajua wenyewe, akajisemea.

Na kweli wakajua. Siku ya mkutano wa Sufian, mama yake Pandu alipiga simu ya video kutoka barazani kwake. Ng'ambo ya barabara ngoma inalia, vigelegele juu, na wanawake wote wamejifunga kanga zile, sare moja, wanamshangilia Sufian.

"Mama, mbona wamezivaa huko?"

"Wanakujibu wewe, mwanangu. Tangu asubuhi wanapita hapa mlangoni wananiuliza, na mimi nakuuliza. Sufian kakukosea nini?"

Pandu akatafuta kosa moja tu la Sufian, hata dogo, asilipate. Mama akangoja, simu mkononi.