Matuta Nyuma ya Nyumba ya Dokta Mathias

"Dokta, kwenu hasa ni wapi?"

Winifrida alikuwa darasa la tano alipouliza swali hilo, mikono imezama kwenye beseni la vyombo nyuma ya mgahawa wa mama yake. Dokta Mathias alikuwa amekuja mwenyewe kurudisha sahani, jambo ambalo mwalimu mwingine yeyote wa chuo asingelifanya. Akamtazama mtoto, akautazama mlango kama mtu anayepima atatokaje, kisha akacheka kidogo.

"Osha vyombo, mama. Nitakujibu ukikua."

Winifrida akaosha vyombo. Lakini jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Mtu mzima anaulizwa kwao, anasema subiri ukue? Kwani kwao kuna nini ambacho mtoto hapaswi kukisikia?

Mama yake, Fransiska, ndiye aliyewapikia walimu wa kile chuo kikuu kidogo cha upande wa Mollo, hapa Sumbawanga, chenye majengo machache na mikaratusi mingi. Fransiska alikuwa na msemo wake: ukitaka kumjua msomi, usimsomee vyeti, mpakulie. Na kweli, mezani pale wasomi walijimwaga wenyewe. Mwalimu Jastin wa hesabu alizaliwa Kasanga, akakua akishona nyavu za wajomba zake ziwani, na alipofika kidato cha kwanza wenzake walimkimbia bwenini kwa harufu ya dagaa. Mwalimu Edith wa Kiswahili aliwahi kuingia utawani, akatoka. "Walikuwa wanapenda kimya," alieleza huku akiongeza pilipili, "na mimi Mungu alininyima kabisa hicho kipaji." Mkuu wa chuo, Profesa Felisiani, alianza kwa kufundisha shule ya msingi huko Chala, darasa la nyasi, akawa anasoma kwa kibatari hadi akaipata digrii. Hadithi hiyo aliirudia mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi waliweza kuisema pamoja naye, hadi pale kibatari kinapounguza pazia.

Dokta Mathias wa fizikia naye alisimulia. Alisoma Dar es Salaam, akafundisha Mwanza, akapelekwa ng'ambo kwenye baridi kali kuliko ya Sumbawanga, akarudi. Hadithi yake ilianzia katikati, kama filamu uliyoikuta imeshaanza. Akibanwa sana alisema, "Tabora, Tabora huko," akapeleka tonge mdomoni. Tena tonge la mahindi! Kila Fransiska alipomkaribisha ugali wa ulezi, chakula chenyewe cha huku, alikataa, eti hakuuzoea. Lakini Winifrida alimwona: sahani ya ulezi ikipita kwenda meza ya pili, macho ya Dokta yaliisindikiza hadi ikatua.

Mwaka uliofuata Dokta akapanga nyumba jirani na kwao Winifrida, na ndipo mambo yalipoanza kuwa mambo. Jumamosi alitundika ubao barazani, akawafundisha watoto wa mtaa hesabu na sayansi bila malipo. Winifrida alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa. Siku aliyoonyeshwa jinsi betri na waya vinavyowasha taa ndogo, alirudi nyumbani akatangaza kuwa atakuwa injinia wa umeme, na baba yake Polikarp, fundi seremala, mtu wa maneno machache, akasema, "Haya, uanze na hiyo taa ya jikoni iliyoungua."

Mvua zilipokolea, Dokta akawa haonekani. Radi ikipiga kijiji fulani, kesho yake anawasha pikipiki, anakwenda kupiga picha mti uliopasuka na kuuliza watu: ilianzia wapi, ilishukia wapi, nani alikuwa amesimama wapi. Sasa, Sumbawanga hii! Mji ambao hata makondakta wa mabasi ya mikoani huutania kwamba radi yake hutumwa na mtu, na haipotei njia. Mgeni anazunguka kuulizia radi kama anayeulizia bei ya maharage, unafikiri watu watamwonaje?

Halafu akapandisha fimbo ya chuma juu ya paa, na waya mnene wa shaba ukashuka ukutani hadi ardhini. Jirani wa upande wa pili, mzee Wilibrodi, mfugaji wa maksai na mtaalamu wa maneno, akasimama uani kwake akiwa ameshika kiuno.

"Dokta! Hiyo antena inashika stesheni gani? Maana televisheni huna."

"Siyo antena, mzee Wili. Inakamata radi."

"Inakamata nini?"

"Radi. Inaikamata inaishusha ardhini."

Winifrida, aliyekuwa akianika nguo, aliona uso wa mzee Wilibrodi ukifungwa kama duka. Dokta Mathias alikuwa amesema kweli tupu, jinsi ilivyo kwenye kitabu cha fizikia. Lakini kuna miji ambayo unaweza kusema sentensi hiyo ukanywa chai yako kwa amani, na kuna Sumbawanga.

"Mtu anayeikamata," mzee Wilibrodi alimwambia Polikarp jioni ile, "anaweza pia kuiachia."

Wiki haikuisha. Mchana wa mvua ya mawe, mbingu ikapasuka, na radi ikashuka kwenye mkaratusi wa mzee Wilibrodi. Maksai wake mmoja, aliyefungwa chini ya mti, akafa pale pale. Nyumba ya Dokta, hatua chache tu kutoka hapo, haikudondosha hata kipande cha chokaa. Watu wakajaa uani. Walitazama mti, wakatazama fimbo ya chuma, wakatazamana. Dokta alitoka na mwavuli kutoa pole, na wakampisha njia pana kupita kiasi.

Jumamosi iliyofuata ubao ulitundikwa, lakini barazani hapakuketi mtoto. Winifrida alikuwa ameshavaa viatu baba yake alipomzuia mlangoni.

"Hwendi."

"Baba, radi ni umeme tu wa mawinguni. Dokta alituambia..."

"Sijasema yeye mchawi. Nasema simjui. Mtu akinijia na ubao mzuri nauliza: umekatwa msitu gani? Asiyejua kusema ametoka wapi, simpi hata mbwa wangu amchunge. Siku atakaposema kwao, utakwenda."

Basi tangu siku hiyo swali la siku ile ya sahani likageuka kuwa ufunguo. Bila jibu hakuna fizikia.

Jambo likazidi kuchanganya pale Dokta alipolima. Ilikuwa Machi, nyasi ndefu, udongo laini. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja kitupu, na jioni moja Winifrida alimkuta bibi yake, Mariana, ameng'ang'ania uzio wa minyaa akichungulia kama mtoto.

"Nani amemlimia yule?"

"Kalima mwenyewe, Bibi. Tangu asubuhi."

"Mwenyewe!" Bibi akamvuta mkono. "Njoo uone. Wewe mwenye macho ya shule, unaona nini?"

Winifrida aliona matuta ya Kifipa, intumba, yale ya mviringo kama vichuguu vilivyokaa kikao. Nyasi zimelazwa ndani zioze, udongo umepinduliwa juu, mizizi ikitazama mbingu. Hakukuwa na cha ajabu, ndivyo kila mtu alivyolima.

"Kila mtu wa hapa," Bibi akasahihisha. "Nimekaa Tabora na babu yako alipokuwa kwenye tumbaku. Kule wanalima matuta marefu, yamenyooka kama reli. Na hata wageni wanaokuja hapa wakajifunza intumba, huwa wanayafanya kama mtu anayejenga, wanasimama wanayatazama. Huyu hasimami. Anakata nyasi, anazungusha, anafunika, ameshahamia lingine. Hiyo haifundishwi chuo kikuu. Hiyo unafundishwa ukiwa bado unapangusa kamasi."

Ungedhani habari hiyo ingepunguza wasiwasi. Wapi! Ilikuwa kama kumwaga mafuta ya taa.

"Kumbe ni mwenzetu," alisema Polikarp, akiweka randa chini. "Mwenzetu, halafu anatuambia Tabora. Mgeni akificha kwao, labda ana aibu ya umaskini. Lakini mwenyeji akificha kwao na kwao ni hapa..."

"Mtu hakimbii kwao bure," Bibi akamalizia.

Winifrida akaanza kumwinda. Siku moja alimtupia neno la Kifipa juu ya uzio, akimuuliza kama mbegu zake za maharage zimeota. Dokta akajibu kwa Kiswahili kwamba zimeota nusu, nyingine zimeliwa na ndege. Kisha akashtuka, akapangusa jasho ambalo halikuwepo, akasema, "Samahani, uliuliza nini? Hiyo lugha yenu sijui." Usiku Winifrida hakulala kwa kufikiria. Ameua mtu? Ametoroka jela? Mezani Mwalimu Edith alinong'ona kwamba labda ameacha mke kijijini. Mwalimu Jastin akasema, "Wanaume wote wakija Mollo kuwakimbia wake zao, mji utajaa." Wakacheka, Dokta akaingia, kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Akala upesi, akaondoka. Hakurudisha sahani tena mwenyewe.

Miaka ikapita hivyo. Mzee Wilibrodi alinunua maksai mwingine, lakini aliendelea kumkwepa Dokta kwa kupita njia ya nyuma. Fimbo ilibaki juu ya paa ikishika kutu. Winifrida akafika kidato cha nne, na mwaka ule ule mwalimu pekee wa fizikia shuleni kwao akahamishwa, na mahali pake hakuletwa mtu. Walikuwa wakijisomea wenyewe, kipofu akimwongoza kipofu. Jaribio la Machi likarudi na F yake nyekundu. Injinia wa umeme!

Alimpelekea baba yake karatasi karakanani. Polikarp akaisoma, akairudisha.

"Mwalimu wa fizikia yuko nyuma ya uzio, Baba. Namsikia akikohoa."

"Na mimi neno langu liko pale pale. Aseme kwao."

"Na akisema kitu kibaya?"

Polikarp alipuliza vumbi la mbao kwenye randa. "Nitakuwa nimejua," alisema.

Jioni ile Winifrida alizunguka uzio badala ya kuchungulia. Dokta Mathias alikuwa ameinama shambani, matuta mapya yakifuatana nyuma yake. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba." Jembe halikusimama. "Baba anajua uko huku?"

"Anajua. Ndiye aliyeweka sharti." Akamwonyesha karatasi. Dokta aliisoma, F ile ikamkunja uso kama mtu aliyemeza dawa. Winifrida akajikaza. "Uliniambia utanijibu nikikua. Nimekua. Kwenu hasa ni wapi?"

Dokta alisimika jembe ardhini. Aliutazama uzio wa mzee Wilibrodi, kama siku ile alivyoutazama mlango wa mgahawa. Winifrida alidhani ataambiwa Tabora, na alikuwa tayari ameshalichukia jibu hilo. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini, na kwa Kifipa. Kifipa kilichonyooka, chenye maneno ambayo siku hizi yamebaki kwa akina Bibi Mariana tu. Maneno yake yalikuwa haya:

"Kwetu ni Kate, hapa hapa Ufipa. Shamba letu lilikuwa nyuma ya kanisa, kwenye mteremko. Nilikuwa mdogo, najifunza intumba kwa baba, mvua ikatukuta. Baba akanivuta tukakimbilia nyumbani. Jirani yetu na mwanawe wakajificha chini ya mti, radi ikawachukua wote wawili. Watu wakauliza swali moja tu: huyu alijuaje kuwa ni wakati wa kukimbia? Wakasema radi kaituma yeye. Baba alikuwa mkulima, aliogopa mvua, basi. Wakatuchomea nyumba. Baba alirudi ndani kuchukua jembe na hakutoka. Mama akanibeba hadi Tabora kwa dada yake, njia nzima ananikaririsha: ukiulizwa kwenu, sema Tabora. Nimesoma radi maisha yangu yote ili nije nijibu lile swali kwa niaba ya baba, na nilipofika nikaogopa hata kutaja jina lake. Nikipita Kate kwa pikipiki sisimami. Sasa nenda. Mwambie baba yako yote, na bibi yako, na mzee Wilibrodi akitaka kusikia. Ukiruhusiwa, njoo Jumamosi na daftari, tutaanza na ile taa na betri. Wakikukataza tena, angalau safari hii watakuwa wamekukataza kwa jambo la kweli."